Kutoka Sekunde Hadi Siku: Historia ya Ukaguzi wa Pariti na Utambuzi wa Vyanzo vya Ukawiaji Wake katika Seva Kubwa za Hifadhi za Nyumbani

Ikisiri

Makala haya yanachunguza historia ya ukaguzi wa pariti katika hifadhi za data za kompyuta, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1940 hadi wakati ambapo seva zenye makumi ya terabaiti zimeingia katika nyumba za watu binafsi. Hoja kuu ni kwamba ukawiaji wa ukaguzi huo una vyanzo vya aina mbili vinavyopaswa kutenganishwa: ukawiaji wa kurithi, uliotokana na ujazo wa diski kukua haraka kuliko kasi ya kuzisoma, na ukawiaji wa hitilafu, unaotokana na kifaa au mpangilio fulani ndani ya seva husika. Makala yanaonesha kuwa kila tabaka la seva ya leo limebeba ukomo wa kipindi lilikozaliwa, na kwamba utambuzi wa chanzo hurahisika mchunguzi anapolijua tabaka hilo kihistoria. Aidha, makala yanabainisha kuwa muda wa ukaguzi ni kipimo cha muda ambao data itakaa bila kinga pindi diski moja itakapokufa.

1.0 Utangulizi

Mmiliki wa seva ya hifadhi ya nyumbani anayeanzisha ukaguzi wa pariti Ijumaa jioni, kisha akakuta Jumapili asubuhi kazi haijakamilika, hukabiliwa na swali lisilo na jibu jepesi: je, hali hiyo ni ya kawaida, au ni dalili ya ubovu? Akidhani ni kawaida ilhali diski moja imeanza kufa, anaweza kupoteza kumbukumbu za miaka mingi. Akidhani ni ubovu ilhali ni kawaida, atatumia fedha kubadilisha vifaa vizima, au ataacha kabisa kufanya ukaguzi kwa kuuona ni usumbufu. Makosa yote mawili yana gharama, na yote mawili hutokana na kutojua kasi inayostahili kutarajiwa imetoka wapi.

Kabla ya kuendelea, dhana ya msingi inahitaji kufafanuliwa. Pariti ni taarifa ya ziada inayohesabiwa kutokana na data ili kuwezesha kugundua kosa au kurejesha kilichopotea. Katika umbo lake la awali ni biti moja inayoongezwa kwenye kundi la biti ili jumla ya tarakimu 1 katika kundi hilo iwe namba shufwa, au iwe namba witiri, kadiri ilivyokubaliwa. Biti moja ikigeuka, shufwa huwa witiri na witiri huwa shufwa, na kosa hujidhihirisha. Ukaguzi wa pariti ni kazi ya kusoma data yote iliyohifadhiwa, kuihesabia pariti upya, na kulinganisha matokeo na pariti iliyoandikwa awali.

Mjadala umejikita katika seva zinazotumia diski za sumaku zinazozunguka, kwa kuwa ndizo zinazobeba sehemu kubwa ya hifadhi ya nyumbani yenye ujazo mkubwa. Mkabala uliotumika ni wa kihistoria, ukisaidiwa na hesabu rahisi ambazo msomaji anaweza kuzirudia mwenyewe.

2.0 Chimbuko: Mashine Zilizoacha Kazi Njiani

Historia ya pariti katika kompyuta haiwezi kuelezwa bila kumtaja Richard Hamming, mwanahisabati wa Bell Labs nchini Marekani. Mwishoni mwa miaka ya 1940 Hamming alitumia kompyuta ya relei iliyokuwa na uwezo wa kugundua kosa lakini isiyo na uwezo wa kulirekebisha. Siku za kazi waendeshaji walikuwepo kushughulikia kosa lilipotokea; mwishoni mwa wiki hawakuwepo, hivyo mashine ilipokutana na kosa iliiacha kazi hiyo na kuendelea na nyingine. Hamming alirejea Jumatatu na kukuta kazi zake hazikufanyika. Kutokana na kero hiyo alijiuliza kwa nini mashine inayoweza kujua kwamba kuna kosa isiweze pia kujua kosa liko wapi. Jibu lake lilichapishwa mwaka 1950 katika jarida la Bell System Technical Journal, likiwa na mpangilio wa biti kadhaa za pariti zinazokatiza makundi mbalimbali ili mahali pa kosa papatikane.

Tukio hilo linatoa tofauti inayohitajika katika makala yote: kugundua kosa ni jambo moja, kujua lilipo ni jambo jingine. Pariti moja hutoa la kwanza tu. Tofauti hiyo, kama itakavyoonekana katika sehemu ya 7.0, bado inamgusa mmiliki wa seva ya nyumbani.

Vifaa vya kuhifadhia vilifuata njia hiyo hiyo. Kinasa utepe cha IBM 726 cha mwaka 1952 kiliandika mikondo saba sambamba juu ya utepe wa sumaku, sita ya data na mmoja wa pariti. Mwaka 1956 kampuni hiyo ilitangaza IBM 350, kifaa cha kwanza cha diski kilichouzwa kibiashara, chenye sahani 50 zenye kipenyo cha inchi 24, zikizunguka mara 1,200 kwa dakika. Kilihifadhi herufi milioni 5 na kuzisoma kwa kasi ya herufi 8,800 kwa sekunde. Tukigawanya ujazo kwa kasi, na tukiacha kando muda wa kusogeza mkono wa kusomea, kifaa kizima kingesomwa kwa sekunde 568, yaani chini ya dakika 10. Namba hiyo ni kipimo cha kuanzia. Katika diski ya kwanza, kusoma kila kitu ilikuwa kazi ya muda mfupi kuliko chakula cha mchana.

3.0 Kutoka Biti Hadi Diski Nzima: 1978 Hadi 1994

Hatua ya pili ilikuwa kuitumia pariti kulinda diski nzima. Mwaka 1978 Norman Ken Ouchi wa IBM alipewa hataza nchini Marekani kwa mfumo wa kurejesha data ya kifaa cha kumbukumbu kilichoharibika kwa kutumia vifaa vilivyosalia. Wazo lenyewe ni jepesi. Biti zilizo katika nafasi moja kwenye diski zote huhesabiwa, na biti ya pariti huandikwa katika diski ya ziada ili jumla iwe shufwa. Diski moja ikifa, kila biti yake hupatikana kwa kuuliza: ni tarakimu gani ingefanya jumla ya zilizosalia iwe shufwa? Hapa tatizo la Hamming halipo, kwa sababu diski iliyokufa inajulikana ni ipi. Kinachotafutwa ni yaliyomo tu.

Wazo hilo lilipata jina lililoenea mwaka 1988, David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walipochapisha makala yaliyotetea safu za diski za bei nafuu, maarufu kama RAID. Walilinganisha diski kubwa ya IBM 3380 yenye megabaiti 7,500 na diski ndogo ya Conner CP3100 yenye megabaiti 100, wakaonesha kuwa diski ndogo nyingi zingeweza kuishinda diski kubwa moja kwa kasi na gharama. Kikwazo kilikuwa uthabiti. Diski moja ya aina hiyo ilikadiriwa kudumu saa 30,000 kwa wastani. Diski 100 zikiwa pamoja, mojawapo ingetarajiwa kufa ndani ya saa 300, yaani chini ya wiki mbili. Dawa ilikuwa pariti.

Katika hesabu zao, waandishi hao walichukulia kwamba muda wa kurekebisha diski iliyokufa ni saa 1. Kwa wakati wao dhana hiyo ilikuwa na mashiko. Diski ya megabaiti 100 iliyosoma megabaiti 1 kwa sekunde iliweza kusomwa yote kwa sekunde 100. Saa moja ilitosha kabisa kuijenga upya. Hata hivyo, katika kanuni yao, uthabiti wa safu hupungua kwa uwiano ule ule ambao muda wa kurekebisha unaongezeka. Saa hiyo moja, kwa hiyo, ilikuwa nguzo iliyobeba hoja nzima. Mwaka 1994 waandishi hao pamoja na wenzao walichapisha mapitio mapana zaidi yaliyojumuisha pariti maradufu, inayovumilia vifo vya diski mbili kwa wakati mmoja. Kuhitajika kwa pariti ya pili kulikuwa dalili kwamba nguzo ile isingebaki imara daima.

4.0 Ukaguzi Unakuwa Desturi, na Seva Inaingia Nyumbani

Mpaka mwishoni mwa karne ya 20, kifo cha diski nzima ndicho kilichotiliwa maanani zaidi. Muongo uliofuata uliangazia adui mwingine: sekta iliyoharibika kimyakimya katika diski inayoonekana kuwa nzima. Sekta ya namna hiyo hugundulika pale tu inaposomwa, na faili la picha za zamani linaweza kukaa miaka bila kusomwa. Mwaka 2004 Thomas Schwarz na wenzake walichapisha utafiti juu ya kupitia diski mara kwa mara katika hifadhi kubwa za nyaraka, ili makosa yaliyofichika yapatikane kabla ya kuhitajika. Mwaka 2007 Lakshmi Bairavasundaram na wenzake walitoa matokeo yaliyotokana na diski milioni 1.53 zilizofuatiliwa kwa miezi 32: asilimia 3.45 kati yake zilipata makosa yaliyofichika. Kwa mwenye diski moja asilimia hiyo ni ndogo. Kwa mwenye safu ya diski nyingi, ambaye siku ya kujenga upya anahitaji kila diski iliyosalia isomeke yote bila kosa, haiwezi kupuuzwa.

Mifumo iliingiza ukaguzi katika ratiba. Usambazaji wa Debian uliuweka ukaguzi wa safu za Linux kila Jumapili ya kwanza ya mwezi. Mfumo wa faili wa ZFS, ulioasisiwa na Jeff Bonwick na Matthew Ahrens katika kampuni ya Sun Microsystems na kutolewa hadharani kwenye OpenSolaris mwaka 2005, uliambatanisha kila bloku na alama ya uhakiki, ukaweka amri maalumu ya kupitia hifadhi yote.

Katika mwaka huo huo wa 2005 kampuni ya Lime Technology ya Marekani ilianza kutoa unRAID, mfumo uliojengwa juu ya Linux kwa ajili ya seva za nyumbani. Mpangilio wake ulikidhi mahitaji ya nyumba kuliko ya ofisi: diski za ukubwa tofauti zinaweza kuchanganywa, kila faili hukaa katika diski moja, na pariti huandikwa kwenye diski ya peke yake ambayo lazima ijae sawa au zaidi ya diski kubwa kuliko zote. Pariti ya pili iliongezwa katika toleo la 6.2 mwaka 2016. Mtu aliweza kuanza na diski tatu alizokuwa nazo, kisha akaongeza moja moja kadiri kipato kilivyoruhusu. Ndivyo seva ya nyumbani ilivyokua kufikia diski 12, 20 au zaidi, bila mwenyewe kuwa mhandisi na bila mtu yeyote kuisanifu kwa ujumla wake. Ukuaji huo wa hatua kwa hatua ndio unaofanya utambuzi wa ukawiaji uwe mgumu, kwa maana ndani ya sanduku moja huishi vifaa vya vipindi tofauti.

5.0 Ukawiaji wa Kurithi: Mwachano wa Ujazo na Kasi

Ili kupima ukawiaji wa kurithi, inatosha kulinganisha diski mbili. Conner CP3100 ya miaka ya 1980 ilikuwa na megabaiti 100 na ilisoma megabaiti 1 kwa sekunde. Diski za terabaiti 20 zilizoingia sokoni mwaka 2021 husoma hadi takriban megabaiti 285 kwa sekunde. Ujazo umeongezeka mara 200,000. Kasi imeongezeka mara 285. Kwa hiyo muda wa kusoma diski nzima umeongezeka takriban mara 700: kutoka sekunde 100 hadi sekunde 70,000 na ushei, ambazo ni saa 19 na nusu. Na hiyo ni kwa kasi ya juu kabisa. Kwa wastani wa megabaiti 200 kwa sekunde, kazi hiyo huchukua karibu saa 28.

Sababu ya mwachano huu ni ya kimaumbile. Ujazo wa sahani moja hukua kwa njia mbili kwa pamoja: duara za kurekodia zinapobanwa karibu zaidi, na biti zinapobanwa zaidi ndani ya kila duara. Kasi ya kusoma hunufaika na njia ya pili tu, kwa kuwa kichwa cha kusomea hupita juu ya duara moja kwa wakati. Kuongeza sahani huongeza ujazo, lakini kwa kawaida kichwa kimoja tu ndicho husoma kwa wakati mmoja. Njia iliyobaki ni kuongeza mizunguko. Diski ya Seagate Barracuda ya mwaka 1992 ilifikia mizunguko 7,200 kwa dakika, na diski kubwa za leo bado zinazunguka kwa kiwango hicho hicho. Diski za mizunguko 15,000 zilitokea mwaka 2000, ila joto, kelele na ujazo wao mdogo havikuzifaa nyumba.

Kwa hiyo, swali la kwanza la utambuzi linapaswa kuwa la hesabu: diski kubwa kuliko zote ina ujazo gani, na wastani wa kasi yake ni upi? Ujazo ukigawanywa kwa kasi hupatikana muda wa chini ambao hakuna marekebisho yatakayoweza kuuvuka. Idadi ya diski haiingii katika hesabu hiyo, kwa sababu katika ukaguzi diski zote husomwa sambamba. Mwenye diski ya pariti ya terabaiti 20 anayelalamika kuhusu saa 30 hana hitilafu. Mwenye seva ile ile anayesubiri saa 90 ana jambo la kuchunguza.

6.0 Ukawiaji wa Hitilafu: Kusoma Matabaka ya Seva

Tofauti kati ya muda uliokokotolewa na muda halisi ndiyo ukawiaji wa hitilafu. Ushahidi mkuu ni mchoro wa kasi dhidi ya muda, kwa sababu kila chanzo huacha umbo lake.

6.1 Mteremko wa kawaida

Duara za nje za sahani ni ndefu kuliko za ndani, hivyo hubeba sekta nyingi zaidi na kutoa data nyingi zaidi kwa kila mzunguko. Diski huanza kusomwa kutoka nje, na kasi yake ikifika ndani hushuka hadi karibu nusu. Mchoro unaoteremka taratibu ni mchoro wenye afya. Katika safu yenye diski za ukubwa tofauti kuna nyongeza: kasi hushuka diski ndogo inapokaribia mwisho wake, kisha hupanda ghafla inapomaliza na kuziacha diski kubwa peke yake. Mchunguzi asiyejua hili huweza kuilaumu diski ndogo ambayo haina kosa.

6.2 Mstari bapa

Mchoro usioteremka, uliolala kwenye kasi ndogo kwa saa nyingi, huonesha kwamba kikomo kiko nje ya diski. Mara nyingi ni njia ya data inayoshirikiwa. Njia ya PCI ya miaka ya 1990 ilipitisha megabaiti 133 kwa sekunde kwa vifaa vyote kwa pamoja. Ilipotengenezwa, kiasi hicho kilikuwa kikubwa. Diski 8 zikiunganishwa humo na kusomwa kwa wakati mmoja, kila moja hupata megabaiti 16.6, na diski ya terabaiti 1 ambayo ingesomwa kwa saa 4 huhitaji karibu saa 17. PCI Express, iliyofuata mwaka 2003, ilitoa megabaiti 250 kwa kila mkondo katika toleo lake la kwanza; kadi ya mkondo mmoja inayobeba diski nne huzigawia takriban 62 kila moja. Vigawanyi vinavyounganisha diski tano kwenye kebo moja ya SATA ya megabaiti 300 huzigawia 60.

Kipimo cha kuthibitisha ni chepesi. Diski mojamoja husomwa peke yake, kisha zote za kadi moja husomwa pamoja. Ikiwa kila moja ina kasi peke yake, lakini zikiwa pamoja jumla inagota kwenye namba ile ile hata idadi ikiongezwa, njia ya data ndiyo kikomo.

Mstari bapa huweza pia kutoka kwenye programu. Linux huweka kikomo cha juu cha kasi ya ukaguzi kwa kila diski, ambacho kwa kawaida ni kilobaiti 200,000 kwa sekunde, ili watumiaji wengine wasikwame. Namba hiyo ilikuwa pana kuliko uwezo wa diski za wakati wake. Leo diski mpya huivuka katika sehemu yake ya nje, na kilichokuwa ulinzi kimegeuka breki. Mpangilio huo hubadilishwa kwa amri moja, lakini ni yule tu anayejua kuwa upo ndiye atakayeutafuta.

6.3 Mashimo katika mchoro

Kasi inayoanguka ghafla karibu na sifuri kwa sekunde au dakika kadhaa kisha ikarudi huwa na maelezo mawili makuu. La kwanza ni ushindani: nakala rudufu ya usiku, mtu anayetazama filamu, au programu inayopekua faili hulazimisha kichwa kuruka huku na huko, na kazi iliyokuwa ya mfululizo hupoteza mfululizo wake. La pili ni sekta mbovu. Diski ikishindwa kusoma sekta hurudia mara nyingi kabla ya kukata tamaa, na diski za matumizi ya kawaida huweza kurudia kwa muda mrefu kuliko zile zilizotengenezwa kwa ajili ya safu, ambazo kwa kawaida hukoma baada ya sekunde 7 hivi. Kwa kuwa safu nzima huisubiri diski iliyo nyuma kuliko zote, sekta moja huwazuia wote.

Maelezo haya mawili hutenganishwa kwa njia mbili. Ukaguzi ukirudiwa wakati seva haina kazi nyingine, mashimo ya ushindani hutoweka, na ya sekta mbovu hujirudia mahali pale pale. Vilevile, kumbukumbu za SMART ambazo diski hujiandikia zina hesabu ya sekta zilizohamishwa na zinazosubiri kuamuliwa. Namba hizo zikiongezeka kati ya ukaguzi mmoja na mwingine, diski inapaswa kuondolewa. Kinyume chake, zikibaki sifuri huku makosa ya mawasiliano ya kebo yakiongezeka, mshukiwa wa kwanza ni kebo, ambayo bei yake ni ndogo mno kulinganisha na diski.

6.4 Hesabu na mpangilio wa usomaji

Pariti ya kwanza huhitaji hesabu nyepesi. Pariti ya pili hutumia aljebra inayotokana na kazi ya Irving Reed na Gustave Solomon ya mwaka 1960, na ni nzito zaidi. Prosesa dhaifu ya seva ya zamani huweza kulemewa baada ya pariti ya pili kuongezwa. Dalili ni prosesa kufanya kazi kwa ukomo wake huku diski zikiwa na nafasi. Aidha, mpangilio wa kusoma una uzito wake. ZFS hapo awali ilipitia data kwa kufuata mti wa mfumo wa faili, na katika hifadhi yenye faili nyingi zilizosambaa kichwa kilirukaruka. Toleo la 0.8 la ZFS kwa ajili ya Linux, la mwaka 2019, lilianza kuzipanga anwani kabla ya kuzisoma. Mmiliki aliyesasisha mfumo aliweza kuona ukaguzi ukiharakishwa bila kubadilisha kifaa hata kimoja.

6.5 Kusoma na kuandika si kitu kimoja

Mwaka 2020 ilibainika hadharani kwamba Western Digital ilikuwa ikiuza baadhi ya diski za Red, zilizolengwa kwa seva ndogo, zikitumia urekodi wa duara zinazopandana kama vigae bila kulitaja hilo. Katika urekodi huo kuandika eneo moja hulazimisha kuandika upya majirani zake. Ukaguzi, ukiwa ni usomaji, huenda usioneshe tatizo. Ujenzi upya wa diski hiyo, ukiwa ni uandishi mfululizo, huweza kukwama. Hivyo ukaguzi wa haraka hauhakikishi ukarabati wa haraka, na aina ya urekodi wa diski inapaswa kujulikana kabla ya siku ya msiba.

7.0 Kilicho Hatarini

Ujenzi upya wa diski iliyokufa huhitaji kusoma diski zote zilizosalia kutoka mwanzo hadi mwisho, kazi ile ile ya ukaguzi, ukiongeza uandishi wa diski mpya. Kwa sababu hiyo muda wa ukaguzi ni makadirio ya chini ya muda wa ukarabati, yaani dirisha ambalo seva yenye pariti moja hubaki bila kinga. Mwaka 1988 dirisha hilo lilichukuliwa kuwa saa 1. Kwa diski ya terabaiti 20 ni saa 28 pasipo hitilafu yoyote, na mambo mengine yakibaki vilevile, kanuni ile ile ya Berkeley hupunguza uthabiti mara 28. Hitilafu inayorefusha ukaguzi hadi saa 90 hulirefusha dirisha mara tatu zaidi. Anayeona ukawiaji kama usumbufu wa ratiba anapitwa na maana yake.

Hatari ya pili inarudi kwa Hamming. Ukaguzi ukikuta tofauti, pariti moja haisemi ni diski ipi iliyokosea. Ukaguzi wenye kusahihisha huchukulia kuwa data ni sahihi na pariti ndiyo yenye kosa, kisha huiandika upya. Ikiwa ukawiaji umesababishwa na diski au kumbukumbu ya kompyuta inayotoa majibu ya uongo, usahihishaji huo hufuta ushahidi pekee uliobaki wa data iliyokuwa sahihi. Inapendekezwa, basi, kwamba ukaguzi unaokawia bila maelezo ufanywe kwa hali ya kusoma tu mpaka chanzo kijulikane.

8.0 Hitimisho

Makala haya yamefuatilia ukaguzi wa pariti kutoka biti moja kwenye utepe hadi safu za diski majumbani, na yameonesha kuwa ukawiaji wake una historia inayoweza kupimwa. Sehemu moja hutokana na maumbile ya diski na haiondoleki. Sehemu nyingine hutokana na njia za data, mipangilio na diski chakavu, na hutambulika kwa umbo la mchoro wa kasi. Utaratibu unaopendekezwa ni kukokotoa muda unaotarajiwa, kulinganisha na muda halisi, kusoma umbo la mchoro, na kupima diski mojamoja kisha kwa pamoja, kabla ya kununua chochote. Zaidi ya hayo, mmiliki ahifadhi rekodi ya muda wa kila ukaguzi. Ukaguzi wa saa 28 uliochukua saa 28 mwezi uliopita na mwezi wa kabla yake hauna la kusema. Ukichukua 34 mwezi huu, kuna kilichobadilika. Mwisho, pale dirisha la ukarabati linapozidi kile ambacho mmiliki yuko tayari kukihatarisha, kuharakisha ukaguzi pekee hakutoshi: pariti ya pili, na nakala ya data iliyohifadhiwa mahali pengine, ndizo kinga ambazo kanuni ya 1988 haikulazimika kuzidai.